Mtazame Farasi Kwanza: Kuanza Kukusanya Wapanda Farasi wa Kirumi wa Risasi Ukiwa Moshi

Kila nikiweka picha ya kikosi changu kwenye status, simu haitulii. Maswali ni yaleyale. Hivyo ni vidude vya watoto? Umevitoa wapi? Risasi si sumu? Na la wale wanaotaka kuanza kweli: ninunue kipi kwanza? Nimejibu kwa maandishi, nimejibu kwa sauti, na kuna siku nilijibu nikiwa kwenye foleni ya benki mpaka mlinzi akasogea, maana alishasikia neno "risasi" mara nne. Naandika hapa yaishe.

Kwa asiyejua kabisa: nazungumzia vijisanamu vya chuma vya askari wa kale, vifupi kuliko kidole gumba, vilivyotengenezwa Uingereza na Marekani hasa kati ya miaka ya 1960 na 1980 kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani. Vilisubiwa, yaani risasi (madini laini na mazito, si ya bunduki) na bati la kuyeyushwa (tin) viliyeyushwa pamoja vikamiminwa kwenye kalibu. Unavipanga mezani, unapima mwendo kwa rula, unarusha dadu. Mimi nakusanya wapanda farasi wa Kirumi tu.

Nilianza bila kupanga. Siku ya soko Kiboriloni nilikwenda kutafuta mashati, nikaona kopo la biskuti chini ya meza ya mama mmoja muuza vikorokoro. Ndani kulikuwa na Warumi kumi na mmoja na farasi saba. Alikuwa amemwekea mnunuzi wa chuma chakavu. Nikalipa shilingi 8,000, nikarudi nyumbani bila shati. Wale wanne waliokosa farasi ndio walionifundisha sehemu kubwa ya yaliyomo humu, na la kwanza ni hili: mtazame farasi kabla ya mpanda farasi. Anayeanza hununua uso mzuri, ngao nzuri, rangi nzuri. Kifurushi kikifika ndipo anagundua kwamba aliye chini si farasi wake.

VYA KUWA NAVYO KABLA HUJANUNUA

Rula ya chuma au kalipa. Mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara. Kioo cha kukuzia. Sumaku yoyote.

Tupa ndogo, kisu cha kukatia, plaizi yenye mdomo mwembamba, keke ndogo ya mkono yenye ncha ya milimita moja au chini ya hapo (fundi saa atakuelekeza pa kuipata), na miswaki miwili mitatu iliyochoka.

Araldite na supa gluu. Vyote viwili, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake.

Glavu, barakoa, na beseni ambalo halitarudi jikoni tena. Liandike kwa maka peni, "RISASI", herufi kubwa, na uwaambie wa nyumbani maana yake, wasije wakadhani umeficha silaha.

Boksi la plastiki lenye mfuniko. Daftari.

Na kiasi cha fedha cha mwezi ambacho hukivuki. Mimi ni shilingi 60,000, pamoja na nauli ya posta. Mwezi usiponunua kitu, zinalala hapohapo zikisubiri fungu kubwa.

Onyo moja kabla ya hatua. Risasi ni sumu, na hatari yake kubwa ni vumbi na mdomo. Kushika kijisanamu kwa mkono hakukuui, kula ugali baada ya kukishika bila kunawa ndiko kubaya. Nawa kwa sabuni kila ukimaliza. Usile wala kunywa ukiwa kazini. Ukisugua kwa tupa, kilowanishe kwanza ili vumbi lisipae. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mama mjamzito, kazi ya tupa ifanyike nje na kila kitu kifungiwe. Na usiyeyushe risasi kwenye jiko la nyumbani hata kama umeona video inayofanya ionekane rahisi.

HATUA

1. Chagua zama moja.

Roma ilidumu muda mrefu na wapanda farasi wake walibadilika sana. Enzi za Jamhuri, Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaeleza legioni moja (kikosi kikuu cha jeshi la Kirumi) ikiwa na wapanda farasi 300, waliogawanywa katika vikosi 10 vya watu 30, na kila kikosi kiliitwa turma. Enzi za mwanzo za makaisari, wengi wa wapanda farasi hawakuwa Warumi wa kuzaliwa bali Wagali, Wathrakia, Wahispania na wengineo, katika vikosi vilivyoitwa ala. Enzi za mwisho wanaingia wale waliofunikwa chuma, mtu na farasi, na bendera ya joka linalojazwa upepo.

Anza na enzi za mwanzo za makaisari, karne ya 1 na ya 2. Wachongaji wa vijisanamu walikuwa na pa kutazama: Nguzo ya Trajan kule Roma, iliyokamilika mwaka 113, imejaa wapanda farasi wenye fulana za minyororo na ngao za umbo la yai. Ukishaizoea picha hiyo, utamtambua mtu wako hata kwenye picha ya simu yenye ukungu.

Hesabu ya kulenga: ala ya kawaida ilikuwa na turma 16, karibu watu 480. Katika kanuni za Wargames Research Group, kundi la Uingereza lililoanza mwaka 1969, kijisanamu kimoja kilisimama badala ya watu 20. Kwa hiyo ala nzima ni vijisanamu 24. Mwaka wa kwanza lenga 12, nusu ya ala. Inatosha kucheza nayo na haikufilisi.

2. Chagua kipimo kimoja, usichanganye.

Vya zamani utavikuta vya milimita 20, 25 na 15. Namba hiyo ni urefu wa askari wa miguu aliyesimama. Chukua 25, ndivyo vilivyotengenezwa na viwanda vingi ninavyovitaja hapa chini, na jicho linaviona bila miwani.

Kosa la kawaida: kununua vya kisasa vya milimita 28 ukidhani tofauti ni ndogo. Muweke wa leo karibu na wa mwaka 1972, utaona baba na mtoto. Vya leo ni vinene pia, vichwa vikubwa, mikono kama ya mbeba zege.

3. Jifunze kumsoma farasi.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kabla hujatoa hata senti, tazama picha za farasi wengi uwezavyo, halafu jiulize mambo haya.

Je, ana vikuku vya kukanyagia kwenye tandiko? Warumi wa zama hizi hawakuwa navyo. Vikuku vilifika Ulaya karne nyingi baadaye, karibu karne ya 6 na ya 7. Ukiviona, farasi huyo katoka kwa jeshi la Napoleon au kwa mashujaa wa enzi za kati, na muuzaji kampandisha Mrumi ili auze wawili kwa pamoja. Katika mafungu niliyonunua, hili ndilo nililokutana nalo mara nyingi kuliko hila nyingine yoyote.

Tandiko likoje? Tandiko la Kirumi lilikuwa na pembe nne zinazomshika mpanda farasi mapajani na nyuma, ndiyo maana aliweza kupigana bila vikuku. Lakini angalia: tandiko hilo lilieleweka vizuri baada ya Peter Connolly, mchoraji na mtafiti wa Uingereza, kuliunda upya miaka ya 1980. Wachongaji wa miaka ya 1970 wengi waliweka kitambaa tu, au tandiko la kubuni. Kwa hiyo farasi asiye na pembe nne hana kosa la kumkataa. Kwangu mimi huwa ni dalili nzuri ya umri.

Ana ukubwa gani? Farasi wa Kirumi walikuwa wafupi kwa macho ya leo, kati ya mita 1.3 na 1.5 mabegani. Farasi ambaye mabega yake yanapita kichwa cha askari wa miguu wa seti hiyohiyo si wa kwao.

Mpanda farasi anamkaa? Hii ni ya kujaribu ukiwa navyo mkononi, au umwombe muuzaji akupigie picha kwa mbele. Mkalishe bila gundi. Ukiona mwanga kati ya paja na tandiko, hao hawakuzaliwa pamoja. Paja la Mrumi wa kweli na mbavu za farasi wake hukutana kama kinu na mchi.

Na farasi aliyevaa magamba yaliyombana mwili mzima mpaka miguuni, na mtu wake vilevile? Huyo ni Msarmatia, adui, kama anavyoonekana kwenye Nguzo ya Trajan. Wauzaji humwita Mrumi kwa sababu Mrumi anauzika.

4. Jifunze viwanda vichache na chuma chenyewe.

Huhitaji kuvijua vyote. Hinchliffe, iliyokuwa Meltham karibu na Huddersfield, vingi vikichongwa na Peter Gilder: vyembamba, vina uhai, mikuki inayopinda ukiipulizia. Waliuza farasi na mtu kama vipande viwili, ndiyo sababu leo vimeachana. Minifigs ya Southampton: nadhifu, imara, mikao inayojirudia, inafaa kwa vikosi vikubwa. Garrison, kazi ya John Braithwaite. Lamming ya mji wa Hull, utaitambua kwa vichwa vikubwa. Hinton Hunt ni wazee zaidi, wa milimita 20, na vingi vina maandishi chini ya kitako. Uking'ang'ania kupata ushauri wangu, anza na Minifigs. Hinchliffe ni wazuri zaidi, lakini watakuliza kwa mikuki.

Kalibu za Hinchliffe na Minifigs hazikufa. Bado kuna wanaosubu kwazo. Si vibaya kununua vipya vya kalibu ya zamani, nami ninavyo. Ubaya ni kulipa bei ya mwaka 1973 kwa kitu cha mwezi uliopita.

Kupima chuma: kwaruza sehemu ya chini ya kitako kwenye karatasi nyeupe. Chenye risasi nyingi huacha mstari wa kijivu kama penseli. Vya kisasa visivyo na risasi haviachi kitu, au huacha kidogo mno. Kisha sumaku: isishike popote. Ikishika mwilini, umeuziwa kitu kingine kabisa. Vyangu vya milimita 25, mtu na farasi pamoja, vinacheza kati ya gramu 20 na 35.

Tahadhari ya nakala za wizi. Mtu huchukua kijisanamu cha asili, anatengeneza kalibu juu yake, anasubu vyake. Chuma hunywea kinapopoa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na sura huwa butu, na mwili una vitundu vitundu kama maandazi. Kalipa na kioo cha kukuzia ndiyo mashahidi wako.

5. Nunua, lakini uliza kwanza.

Njia ya kwanza ni mnada wa mtandaoni wa Uingereza, na utahitaji kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni. Tafuta kwa jina la kiwanda na kipimo. Halafu tafuta tena kwa jina lililokosewa: wauzaji wengi huandika Hinchcliffe, wakiongeza c, na wanunuzi hawawaoni. Nusu ya ala yangu niliipata kwenye kosa hilo la herufi moja.

Nunua fungu, si mmoja mmoja, kwa sababu nauli ya posta ya mmoja itakuzidi bei yake. Ila fungu lina hila zake popote duniani. Nyanya mbovu hukaa chini ya fungu pale Mbuyuni, na farasi aliyekatika mguu hupigwa picha kwa upande wa pili. Omba picha tatu: pande zote mbili, na chini ya vitako. Omba uzito wa jumla kwa gramu. Uliza swali hili neno kwa neno: kila mpanda farasi ana farasi wake, na wanaingiana bila gundi? Muuzaji asiyejibu hilo, mwache.

Usilipie rangi. Rangi nzuri kwenye picha mara nyingi ni rangi nene inayoficha mguu ulioungwa.

Njia ya pili ni hapahapa. Wageni wanaohama mtaa wa Shanty Town hapa Moshi, au Njiro na Sakina kule Arusha, huuza vitu vya ndani kabla ya kuondoka. Macho ya watu yapo kwenye friji na makochi. Wewe ulizia makopo, masanduku ya vidude vya watoto waliokua, vitu vya stoo. Mnunuzi wa chuma chakavu naye mwachie namba yako na umlipe vizuri siku ya kwanza, hata kama alichokuletea ni betri ya gari. Atakukumbuka.

6. Safirisha kwa akili.

Pakiti ndogo ya posta kutoka Uingereza mwisho wake ni kilo 2. Kwa vyangu hiyo ni zaidi ya wapanda farasi hamsini, na bado karatasi za kufungia zimo. Mwambie muuzaji afunge kila mmoja peke yake. Risasi ni nzito na laini kwa pamoja, vikigongana njiani vinavunjana vifundo vya miguu.

Tumia S.L.P. yako na namba ya simu juu ya kifurushi. Muuzaji aandike thamani ya kweli kwenye fomu ya forodha na aeleze kwamba ni vijisanamu vya chuma vya kukusanya. Usimwombe aandike "zawadi" wala apunguze bei. Ukibanwa, ushahidi wa malipo utakuumbua. Weka fedha pembeni kwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na nenda dirishani na risiti iliyochapishwa.

Ndugu anayekuja likizo ni njia nzuri kuliko zote, kwa sharti moja: viwekwe kwenye begi la kupakiwa, visiwe kwenye mkoba wa mkononi. Risasi kwenye mashine ya mionzi ni doa jeusi lisilopenyeka. Binamu yangu alifunguliwa mkoba, akaanza kueleza kwamba amebeba risasi za kaka yake. Chagua maneno.

7. Vikifika, vitenge.

Usivichanganye na vya nyumbani siku hiyohiyo. Vikae kwenye boksi lao wiki mbili. Vikague kwa kioo cha kukuzia: unga mweupe au kijivu kwenye mikunjo, nyufa kwenye miguu, gundi ya zamani. Pima, piga picha, andika daftarini: kiwanda, tarehe, bei, nani ana farasi na nani hana. Daftari hilo ndilo litakaloniruhusu mimi na wewe kubadilishana siku moja bila ugomvi.

8. Vua rangi, kama kweli inastahili kuvuliwa.

Subiri kwanza. Rangi ya zamani iliyopakwa na mtu aliyejua kazi ni sehemu ya kitu chenyewe. Mimi huvua iliyo nene, iliyobanduka, au inayoficha kitu. Nilishavua farasi mmoja wa kijivu mwenye madoa, kazi ya subira ya mtu fulani wa miaka hamsini iliyopita, na mpaka leo sijaweza kumpaka akarudi alivyokuwa.

Ukiamua: Dettol ya kawaida, ya dukani, bila maji. Vitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, saa 24. Vaa glavu, sugua kwa mswaki ukiuchovya kwenye Dettol ileile. Usiguse maji mpaka rangi yote imetoka, kwa sababu maji yakikutana na rangi iliyolainika hugeuka ulimbo na utajuta. Mwisho osha kwa maji na sabuni, kausha kivulini. Nyumba itanuka wodi siku mbili.

Thina nayo inavua, haraka zaidi, ila nje tu na mbali na moto. Usichemshe, na usichome rangi kwa moto kamwe. Mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na rangi za zamani zenyewe nyingi zina risasi.

9. Karabati.

Mkuki uliopinda unyooshe mara moja, polepole, kwa vidole na si kwa plaizi. Ukiunyoosha mara ya tatu utakatika. Uliokatika usiuhangaikie: toboa ngumi kwa keke, pitisha pini ndefu ya fundi cherehani, kata kichwa, bonda ncha kidogo. Pini ya chuma haipindi tena, na mezani hakuna atakayejua.

Mguu wa farasi uliovunjika hauungwi kwa gundi peke yake. Toboa pande zote mbili, ingiza kipande cha pini ndani kama mfupa, paka Araldite, acha mpaka kesho. Supa gluu itumie kwa ngao na kwa kumkalisha mtu kwenye tandiko. Na usimpelekee fundi redio akuchomelee. Ncha ya mashine yake ina joto la kumgeuza Mrumi wako kuwa tone.

10. Paka rangi.

Hapa sikai, kila mtu ana mkono wake. Praima ya kupuliza ya duka la spea, nyembamba mara mbili. Rangi za akriliki za duka la vifaa vya shule zinatosha kuanza. Farasi wa kahawia awe na mkia, singa na miguu ya chini myeusi, maana kahawia mwili mzima humfanya aonekane mbwa. Mimi rangi za farasi nilijifunza kwa kuwatazama wale wanaobeba watalii Kilimanjaro Magharibi, kwa kuwa mjini kwetu utaona punda tu. Maliza kwa vanishi, kila kona, hata chini ya tumbo. Vanishi ndiyo inayozuia hewa yenye unyevu isifike kwenye risasi.

11. Viweke kwenye vitako.

Upana wa milimita 60 kwa kina cha 40, wapanda farasi watatu. Ala nzima ya 24 itakuwa na vitako vinane, safu ya sentimita 48. Kata vitako kwa bati la chuma, mwombe fundi bati akukatie mabaki. Chini ya boksi gundisha sumaku ya utepe: ipo ndani ya mpira wa mlango wa friji bovu, na fundi friji atakupa bure. Risasi haishikwi na sumaku, lakini kitako cha bati kinashikwa, na unaweza kupanda daladala na jeshi zima bila mtu kuanguka.

12. Hifadhi.

Hili limenigharimu, kwa hiyo sikiliza. Adui wa risasi ni mvuke wa asidi pamoja na unyevu. Kadibodi huutoa. Mbao, hasa mbichi, huutoa. Nilimwagiza fundi kabati la kioo na aluminiamu, zuri sana, akaziba pembe kwa silikoni. Ilinuka siki. Sikujali, siku ya pili nilipanga wapanda farasi kumi na wanane ndani, nikafunga, nikaenda zangu Dar. Ilikuwa Machi. Niliporudi masika imeshika, sita walikuwa wamefuka unga mweupe kwenye viuno na kwato. Harufu ile ya siki ndiyo asidi yenyewe.

Kwa hiyo omba silikoni isiyonuka siki, au acha kabati wazi wiki kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, na liwe na matundu ya hewa. Usiye na kabati, boksi la plastiki linatosha, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Fungua uangalie mara moja kwa mwezi, na mara moja kwa wiki kuanzia Machi hadi Mei.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Unga mweupe. Mtoe mara moja, mtenge na wenzake. Vaa glavu na barakoa, sugua kwa mswaki ndani ya maji, usipulize wala kukung'uta. Kausha vizuri, praima, vanishi. Vishimo vitabaki. Usitumie siki wala limao kama unavyosafishia shaba, utakuwa unaulisha ugonjwa. Maji hayo usimwage bustanini.

Rangi inabanduka kama ganda la yai. Ulisahau kuosha kwa sabuni kabla ya praima, au jasho la vidole limebaki. Vua, osha, rudia.

Kikosi kinainama upande mmoja. Kitako cha bati ni chembamba mno, kimepinda kwa uzito. Weka bati nene zaidi au gundisha mabati mawili.

Mtoto ameweka kijisanamu mdomoni. Mtoe, msafishe mdomo na mikono, na mpeleke hospitali uwaeleze wazi kwamba ni risasi. Kuna kipimo cha damu. Kama amemeza, usisubiri kuona.

Kifurushi hakionekani. Nenda posta na namba ya kufuatilia, jina lako kamili na namba ya S.L.P. Changu kimoja kilikaa wiki tano kwa sababu muuzaji aliandika jina la mtaa bila sanduku.

Mpanda farasi hana farasi. Usimpe farasi yeyote ili tu asitembee kwa miguu. Pima nafasi kati ya mapaja yake kwa kalipa, iandike daftarini, na tembea na kipimo hicho unapotazama mafungu ya farasi watupu; huuzwa kwa bei ndogo kwa kuwa wengi hawajui ni wa nani. Kati ya wale wanne wangu wa Kiboriloni, watatu nimewapata kwa njia hiyo, ndani ya miaka mitatu. Wa nne mapaja yake ni milimita 7.5, ana ndevu, na kwa sasa amepanda kizibo cha soda.